Miguu Ukutani

Mwenzangu, nimeumbuka! Nimeumbuka leo!

Si uliniambia nikitoka saluni nisikimbilie sufuria, nilale chini miguu ukutani dakika kumi? Leo nimesuka vichwa vitano, nimesimama tangu asubuhi. Nikakutii. Nikajilaza nyuma ya kochi, macho nimefumba, gauni limeporomoka mpaka kiunoni.

Mama mkwe akaingia bila hodi.

Ukunga aliopiga! "Mke wa mwanangu amekufa!" Eti nimekufa! Majirani wakajaa sebuleni. Hata yule fundi viatu ameyaona mapaja yangu, kesho nampitia wapi?

Mama mkwe akakimbilia jikoni, akarudi na sahani imejaa pomoni. "Njaa hiyo! Kula, mwanangu, kula!"

Nikasema, "Mama, sina njaa. Nimechoka tu."

Akawatoa watu wote, akafunga mlango. Nikajua leo nitasemwa mpaka nijute kuolewa.

Akaweka sahani mezani. Akavua viatu.

"Sogea."

Sogea! Mama mkwe wangu huyuhuyu!

Nakuandikia bado niko chini. Dakika kumi zilishapita, naye hataki kuamka. Mume wangu akirudi atakuta maiti wawili, na mmoja anakoroma.