Tulimfukuza Shemeji kwa Kelele, Ukabaki Mwangwi

Shangazi mpendwa, nakuomba unishike mkono maana nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma, na kabla hujanihukumu naomba usome hadi mwisho.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, na kwa miaka minne nimefanya kazi katika ukumbi mmoja wa ghorofa ya pili tulioupanga watu wanne, mimi, mwalimu wa lugha anayefundisha kwa simu, wakala wa bima, na shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa mapazia na makochi, na ndiye aliyenitafutia nafasi hapo wakati nilipokuwa nachorea kwenye meza ya kulia ya mama. Sasa Shangazi, ile cherehani yake ni kama mashine ya kusaga, ikianza saa tatu penseli yangu inatembea mezani, na yeye mwenyewe akifurahi anaimba, na majora yake ya vitambaa yamepangwa ukutani hadi karibu na dari, sponji za makochi zimerundikwa, mazulia chakavu chini, yaani ukiingia unadhani umeingia ndani ya kabati la mtu.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikaweka kwenye simu programu ya kupima kelele, kila asubuhi naisogeza karibu na cherehani na kuandika, wiki mbili nzima, nikachora na grafu ya rangi, nikaitisha kikao siku ambayo shemeji alikwenda kutundika mapazia kwa mteja, tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, wakala akanyoosha haraka, mwalimu akanyoosha nusu, nikaandika barua kwa niaba ya wote kwamba kazi zenye mitetemo hazitaruhusiwa tena ukumbini. Shemeji aliisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Sawa shemeji, nimeelewa," na Jumamosi akahama na kila kitu chake, majora, sponji, mazulia, hata mapazia ya yale madirisha marefu, ambayo kumbe aliyashona mwenyewe kwa kitambaa chake na sisi tukadhani yalikuja na jengo.

Jumatatu niliweka funguo mezani zikalia kama nimeangusha sufuria. Sakafu ni vigae, kuta ni zege tupu, upande mmoja wote ni vioo, na mtu akikohoa mlangoni unamsikia mara mbili. Wakala akimweleza mteja mafao ya mazishi, wanafunzi wa mwalimu wanayapata pia, juzi mmoja aliambiwa atunge sentensi akatunga habari za marehemu. Kila mtu anapandisha sauti ili amshinde mwenzake. Nikabandika trei za mayai ukutani, tisini, kwa gundi na mikono yangu, mwangwi uko palepale na sasa tuna sisimizi. Nikabandika tangazo kwamba tuongee kwa kunong'ona, wakala akalisoma kwa sauti kubwa.

Lakini kinachoninyima raha hasa ni hiki. Kaka alinipigia kuniuliza imekuwaje mke wake anashonea sebuleni, nami nikajibanza kwenye kona ya ukumbi, nikaziba mdomo kwa kiganja, nikamwambia wenzangu ndio waliomtoa na mimi nilimtetea mpaka mwisho. Nilipogeuka wote walikuwa wananitazama. Mwalimu akaniambia, "Nimekusikia, na darasa langu limekusikia. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi umwambie kaka yako ukweli, la sivyo nitamwambia mimi, kisha nahama." Akihama, wawili hatuiwezi kodi ya ule ukumbi. Na kaka ndiye aliyenilea tangu baba afariki, Shangazi, simuogopi kwa sababu ni mkali, namuogopa kwa sababu aliniamini palepale, akasema, "Asante mdogo wangu."

Swali langu: je, kuna rangi ya ukutani inayokula sauti, au kifaa chochote, ili chumba kitulie, mwalimu apoe abaki, bila kulazimika kuongea na shemeji?

Ni mimi, Mpenda Utulivu.

*

Wewe Mpenda Utulivu,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na kila aya imenipa sababu mpya ya kukuhukumu.

Unachora nyumba za watu. Unajua mlango ufungukie wapi na choo kikae upande gani. Lakini miaka minne ulikaa ndani ya chumba kilichotulizwa na vitambaa vya shemeji yako, ukadhani kimetulia kwa sababu ya tabia yenu nzuri. Nilimsomea barua yako fundi mmoja wa kumbi za mikutano ninayemfahamu. Nilipofika kwenye sisimizi alilazimika kuweka kikombe chini.

Anasema hivi: sauti ikigonga kigae, zege au kioo, inarudi ilikotoka. Ikigonga jora la kitambaa kizito, sponji au zulia, inazama humo. Trei ya mayai ni nyepesi mno, kazi yake ni kubeba mayai. Rangi ya kula sauti uliyoiulizia, sahau. Mliyemtoa kwa ajili ya kelele ndiye aliyekuwa anazimeza za kwenu wote, bure, huku mkimpima kwa simu.

Na hicho kipimo chako. Wiki mbili unakisogeza kwenye cherehani tu. Hukukiweka hata asubuhi moja mbele ya mdomo wa wakala, wala wako. Cherehani ilitaka mpira mzito chini ya miguu yake, isogezwe mbali na ukuta, mkubaliane na saa za kushona. Ilitosha umwambie, "Shemeji, cherehani inanisumbua." Maneno matatu. Wewe ukachora grafu na kusubiri mtu atoke.

Nakuonea huruma kwenye jambo moja. Ile "asante mdogo wangu" inauma, na inapaswa kukuuma. Ingekuwa haikuumi nisingepoteza wino wangu.

Sasa fanya hivi. Bandua trei zote leo, ukuta ukichubuka uupake mwenyewe. Wakala apewe chumba kidogo chenye mlango cha kupigia simu. Jengo gani la kupanga halina stoo? Weka zulia nene chini, na ukuta unaotazamana na vioo uupange rafu zilizojaa vitabu na mafaili. Madirisha yanahitaji mapazia mazito, mapana, yenye mikunjo mingi, na kwa hayo utahitaji fundi mzuri. Yuko mmoja sebuleni kwa kaka yako.

Ila usiende kwake kama mteja. Nenda jioni hii, usisubiri mwisho wa mwezi, na wakae wote wawili, kaka na mkewe. Sema: ni mimi niliyepima, ni mimi niliyeitisha kikao, ni mimi niliyeandika, na kwenye simu nilikudanganya kaka. Neno "sisi" liache nyumbani pamoja na grafu. Shemeji akikwambia harudi, usibembeleze wala usimtume mama. Inuka, ushukuru, mapazia ukayanunue kwingine, na utakuwa umelipata ulilolistahili.

Akikubali kurudi, mbebee majora wewe, ngazi zote za ghorofa mbili. Kisha simama katikati ya ukumbi, mbele ya wakala, mwalimu na darasa lake kwenye simu, umwombe radhi kwa sauti yako ya kawaida. Fanya hivyo kabla hajatundika hata pazia moja. Chumba kilichousikia uongo wako mara mbili kisikie na hilo mara mbili.

Shangazi