Sirudi Mtoni

Gisozi, Kigali

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Na mguu wa Baba je? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Bado niko pale pale dukani, nauza vitanda na makabati, vumbi la mbao limenikaa kooni. Baridi ya huku ndiyo hatuelewani nayo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ukianza kulia nitakubali, na sitaki kukubali. Umesema Jumapili ijayo mchungaji mpya anaturudisha mtoni sote tuliobatizwa na Mchungaji Lazaro. Eti kwa kuwa Lazaro alitoroka na mke wa mtu, alituchovya tu kwenye maji, hakutubatiza. Unataka nipande basi pale Nyabugogo nije tuzamishwe pamoja. Mama, siji.

Usiseme Kigali imenipa kiburi, hicho nilikuja nacho. Ila kanisani kwetu Gikondo tunasoma historia ya kanisa, na ugomvi huu ni wa kale mno. Huko Afrika ya Kaskazini Wakristo waliteswa, viongozi wengine wakaogopa, wakayatoa Maandiko yachomwe moto. Mateso yalipopoa, kundi moja likasema aliyebatizwa na msaliti hajabatizwa. Wengine wakakataa: ubatizo ni wa Kristo, huyo mchungaji kaazimisha mikono tu. Wakanuniana vizazi na vizazi, mji mmoja makanisa mawili. Na sisi leo tunataka kuanza upya!

Nilimsimulia bosi wangu, Fundi Kalisa, akaacha randa. "Yebabawe! Sasa kila pasta akianguka, watu iko narudi kwa maji? Si tutaishi kwa mto!" Nilicheka sana, halafu hasira zikanipanda.

Simtetei Lazaro. Alichomfanyia yule mume wa watu ni unyama, na nikikutana naye atanisikia. Lakini Mama, umemsahau Neema? Mdogo wangu alizamishwa siku moja na mimi, kwa mikono ile ile, akatoka majini anatetemeka na kucheka. Homa ilipomchukua, ulichoshikilia ni kwamba mwanao ameondoka akiwa wa Bwana. Ulilisema hilo mpaka ukaweza kula tena. Sasa muulize mchungaji mpya, Neema atamrudisha mtoni vipi? Kama ubatizo wangu si kitu, na wake si kitu. Hilo mimi silitamki, na atakayelitamka mbele yangu tutagombana, awe na kola shingoni au asiwe nayo. Naumia kukuandikia hivi, ila ndivyo ilivyo.

Nisalimie Baba, mwambie asiulazimishe mguu. Shangazi Modesta, dada yake Baba, mwambie kitenge alichoniagiza nimekiona ila rangi hainipendezi machoni, natafuta kingine. Na Bibi mbusu kwa niaba yangu.

Jumapili usiende, Mama. Wakija kukuuliza, waambie una mabinti wawili, na wote wawili wamebatizwa.

Mwanao mbishi,
Yunia