Swila Anayevua Ngozi Viraka Viraka

Bi Kazija, mshauri wetu mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unishike mkono maana miye sijui nicheke au nilie. Bwana wangu Himid alimkamata swila, yule nyoka anayetema sumu, shambani kwetu huku Msuka wakati wa kuchuma karafuu, mzima kabisa, na daktari wa Wete akamwambia amtunze mpaka meli ije, apelekwe huko wanakokamua sumu wakatengeneza dawa ya walioumwa, basi Himid akafurahi kama bwana harusi, akampigia sanduku la mbao, ndani akamtandikia makonyo makavu, vile vijiti vya karafuu, ili panukie, akaliweka juani kando ya jamvi tunaloanikia karafuu. Sasa nyoka anavua ngozi lakini haitoki nzima kama zile tunazookota shambani, inatoka viraka viraka, macho yamefunga ukungu, na daktari kasema hamchukui akiwa hivyo. Mkwe wangu Bi Mwanakhamis anasema ni kijicho cha majirani, miye nikaona ngozi ni ngozi, nikatoa mafuta ya nazi ninayompaka mwanangu Mize, Himid akampaka nyoka kwa unyoya aliofunga kwenye ufito, wakaja siafu, nyoka akakasirika akatema mate, bahati yakaishia kwenye kanzu. Mkwe alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia Himid, "Kuku wako walikufa, njiwa wakaruka, huyu naye atakwenda uchi." Sasa kila Ijumaa akitoka msikitini Himid ananiita tumbandue ngozi kwa mikono, yeye ashike kichwa miye nishike mkia, nami kila Ijumaa namwambia mtoto ana homa, na visingizio vinaniishia. Nampenda bwana wangu na namwombea heri na nyoka wake, lakini mtoto bado ananyonya. Nishike au nisishike?

Umkulthum, Msuka

Mwanangu Umkulthum, usishike. Baba yangu alifuga nyoka wa kuchezwa nao ngomani na miye nimekulia kando ya masanduku yao, kwa hiyo nisikilize. Hapo hapana kijicho, pana ukavu. Nyinyi watu wa karafuu mnadhani kila kitu ni cha kuanikwa, na nyoka mmemwanika. Ngozi yake huvuka nzima ikipata unyevu, ikikauka hukatika. Ule ukungu wa macho si upofu, ndivyo anavyokuwa akikaribia kuvua. Na mafuta ya mtoto ni ya mtoto. Nia yako njema naijua, lakini mmewaitia siafu karamu.

Himid atengeneze sanduku jingine, alikabilishe na la kwanza mlango kwa mlango, nyoka apite mwenyewe bila kuguswa. Humo aweke gunia bichi pembeni, bakuli zito la maji, na jiwe la matumbawe la kujisugulia. Likae kivulini, banda la nje, limefungwa, mbali na Mize. Kisha mwacheni. Kiraka kitakachobaki kitatoka na ngozi ijayo, na kama meli hii itampita, meli si moja. Mate yakimwingia mtu machoni, ni maji mengi na safari ya hospitali, asifikiche.

Ijumaa Himid akikuita, usimsingizie mtoto homa tena, si vizuri. Mpe Mize ampakate. Mwanamume mwenye mtoto kifuani hana mkono wa kushikia kichwa cha swila.