Aliyekosekana Katika Filamu ya Chaki

Machi 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini waraka huu unakukuta mzima, na miwani mipya imeanza kukuzoea. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kwa kutazama picha.

Filamu yangu ya katuni imekamilika baada ya miaka minne. Kabla ya kuipeleka kwenye majumba ya sinema, studio yetu huionyesha mara moja mbele ya watu wa kawaida, kisha mzungumzaji mmoja husimama na kueleza ubora na udhaifu wake, nasi hurekebisha. Nimeomba onyesho hilo lifanyike katika ukumbi wa shule uliyoiongoza kwa miaka ishirini na miwili, na nimelitaja jina lako kama mzungumzaji. Wanafunzi wako wa zamani wamealikwa. Nimekuwekea kiti cha mbele, katikati, usije ukakosa kitu.

Ni hadithi ya shujaa msichana aitwaye Chaki, ambaye kila anachokichora hugeuka kuwa kitu cha kweli. Mengine utayaona mwenyewe, sitaki kukuharibia utamu. Mimi sitakuwepo. Utaniandikia.

Binti yako


Machi 14

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba. Sijambo, magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nikamsomea jirani yangu fundi viatu. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu mzima na katuni wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba binti wa mwalimu mkuu hachori katuni, anachora sanaa. Alicheka hadi akajidunga kidole kwa sindano. Suti ya kijivu imefuliwa. Inanibana tumboni, lakini nitazungumza huku nimevuta pumzi.

Nakiri sikutarajia. Miaka sita hujakanyaga hapa, nikadhani una kinyongo nami. Kumbe ulikuwa unaniandalia heshima.

Baba yako


Aprili 6

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo, ikiwa hilo ndilo ulilotaka kujua.

Heshima yako nimeiona. Dakika ya tatu tu nilimtambua adui wa shujaa wako, huyo Bwana Kengele. Anakunja leso mara nne kabla ya kumwadhibu mtoto. Anaburuza kisigino cha kushoto. Anasema, "Tutaelewana tu." Kila akigonga kengele, sauti ya mtoto mmoja inapotea. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye sasa ni daktari wa meno, aliniinamia sikioni: "Mwalimu, yule si wewe mtupu?" Nikamwambia, "Mimi nina meno mazuri zaidi." Watu mia tatu walikuwa wanacheka, nami nimeketi katikati yao kama keki.

Kisha nikaitwa jukwaani. Ulidhani nitakimbia. Mimi nilianza kusimama mbele ya watu kabla wewe hujajua kushika penseli. Nikawaambia:

"Mabibi na mabwana, filamu hii ina ubora nisioweza kuuficha. Mvua yake inalowesha. Chaki anapochora mstari hewani na kuukanyaga ili aruke, nilishikilia kiti changu kwa mikono miwili. Na mwishoni, anapomfuta Bwana Kengele kwa dasta kuanzia viatuni, hadi unabaki mdomo unaoamrisha huku hauna mwili, huo ni ufundi wa mtu aliyekaa na jambo moyoni siku nyingi. Udhaifu nao upo. Katikati, shujaa analizunguka jiji mara tatu bila sababu. Bwana Kengele ni mwovu tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa namna hiyo ni rahisi mno kumchukia. Ila udhaifu mkubwa ni huu: kuna mtu hayumo."

Nikaendelea: "Filamu inaanza na mtoto wa mpishi wa shule, anayefukuzwa kwa kumchora mwalimu mkuu ubaoni kama bundi aliyevaa tai. Ni kweli alifukuzwa, na wengi wenu mlikuwepo. Lakini hakuchora yeye. Aliyechora alikuwa papo hapo darasani, amenyamaza, anatazama dirishani. Mwongozaji amechora madawati arobaini, na dawati la huyo amelisahau."

Wakauliza ni nani. Nikawaambia wamuulize mwongozaji. Nikaketi.

Sasa sikiliza nililowaficha wao. Miaka yote umeamini kwamba nilidanganyika. Sikudanganyika. Nilipopita kwenye dawati lako niliona unga wa chaki kwenye mkono wa sweta yako. Nilijua. Nikamchagua mtoto wa mpishi kwa sababu mpishi asingethubutu kunijibu, na kwa sababu wewe ulikuwa wangu. Basi siku nyingine ukitaka kunifuta kuanzia viatuni, pembeni ya viatu vyangu kuna viatu vingine vidogo, vya shule. Anza na hivyo.

Baba yako


Septemba 20

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekaa miezi mitano bila kukujibu kwa sababu nilikuwa nachora.

Nimeongeza tukio la sekunde arobaini. Ni picha mia tisa na sitini, na zote nimezichora kwa mkono wangu. Msichana yule niliyemsahaulia dawati ana chaki kwenye mkono wa sweta. Mwalimu mkuu anapita, anaiona, anakwenda dawati la nyuma na kumnyooshea kidole mwingine. Hakuna muziki. Ile mizunguko ya jiji nimeondoa miwili, ulisema kweli. Filamu itaonyeshwa tena Oktoba 11, ukumbi ule ule.

Mtoto wa mpishi nimemtafuta nikampata. Anapiga pasi mashuka ya hospitali. Nilipomwambia kwamba aliyechora ni mimi, hakuinua hata pasi.

"Najua. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Nilikusubiri mpaka getini."

Nikamweleza na la kwako, la sweta. Akakunja shuka, akachukua jingine. Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa wawili." Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja.

"Usiniombe humu kwenye mvuke, hakuna anayesikia. Nipe kipaza sauti."

Basi safari hii mzungumzaji ni yeye. Hajaniambia atasema nini, nami sikumuuliza. Wale mia tatu wamealikwa tena, na wengine wameongezeka. Ameomba jambo moja tu: kwamba mimi na wewe tukae mahali atakapotuona, na kwamba asiwepo wa kumkumbusha muda.

Nimemkubalia kwa niaba yetu sote wawili.

Binti yako