Bakuli la Chujio la Gari

Mama Nasieku,

Ndama amekunywa maji. Watoto wasisogelee gari, injini iko wazi.

Bakuli jeusi lililopo jikoni si chombo cha kulia! Ni la chujio la hewa, la hili gari ninaloliunga. Singasinga wa gereji alinipa chujio jipya la waya, linang'aa, nikalikataa. Kwa vumbi hili la Sakina? Nikachagua hili la trekta bovu la setla, kwa sababu lina bakuli la oili, na vumbi linanasa humo kabla halijafika kwenye injini.

Leo asubuhi mama yako kalikuta barazani. Kamwaga oili yote, kalisugua kwa majivu, kalifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien kama kibuyu cha maziwa! Tena kasema hujui kutunza vyombo.

Sasa mama mkwe habishiwi. Akanijazia maziwa humo humo, akasimama kuningoja. Nikanywa yote. Nikashukuru.

~~Mwambie arudi kwao kesho.~~ Hapana, akae.

Nimekwenda mjini kwa miguu kutafuta oili, na tumbo linanguruma. Amesema jioni atanijazia tena. Nakuomba, lifiche.

Mkwe wa mama yako