Goti la Josiane

Gisenyi, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huko Mwanza miguu yako bado inavimba jioni, au dawa imekubali? Mimi hapa Nengo kwa mjomba nakula na kulala vizuri. Ila kuna jambo siwezi kulisema kwa simu, ndiyo maana naandika.

Mashindano ya kuteleza kwenye theluji ni Desemba, Ulaya. Miezi hii ni ya kujenga miguu. Tunapanda barabara ya Rugerero kwa ski za magurudumu, na watu wa moto, yaani bodaboda, wanatuzomea, "We mutoto, theluji iko wapi?" Kisha tunaruka kutoka juu ya sanduku, mfuko wa mchanga mabegani.

Mwalimu wetu wa mazoezi ana sheria yake. Asubuhi huulizwi hali yako. Mwenzako uliyepangwa naye ndiye anayekujibia, maana anasema kila mtu hujidanganya. Ukibisha, unarudi kwenu. Mwenzangu alikuwa Josiane wa Nyundo, aliyenifundisha hata kusimama kwenye ski. Nafasi ya msichana kwenda Ulaya ni moja tu, na yeye alinizidi.

Jumanne tukiteremka akaniambia, "Goti limevimba. Kesho uniombee siku mbili, dada."

Nikamwambia sawa.

Asubuhi mwalimu akauliza, "Bon, Josiane iko muzima?"

"Mzima," nikasema.

Josiane alinitazama, akabeba mfuko. Mruko wa nne goti likalia, sote tukasikia. Bado yuko chini, mwalimu akanigeukia: "Donc, nafasi ni yako."

Wenzangu wanasema niliona aibu tu kuongea. Na wewe Mama huwaambia watu mwanao ni mpole. Siku ile haukuwa upole. Neno la kumwombea nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, nikatoa lingine.

Ijumaa Josiane kanitumia glavu zake, eti huko kuna baridi. Tafadhali usitangaze kanisani kwamba nimechaguliwa.

Sasa mwenzangu ni Aline. Nikianguka mimi, nafasi ni yake. Juzi nilimwambia mgongo unaniuma, hata kuinama siwezi. Jana asubuhi mwalimu akamuuliza. Aline alinitazama kidogo tu.

"Mzima," akasema.

Nikabeba mfuko.

Msalimie bibi, na mama mkubwa aliyenifumia sweta ya safari. Mwambie inanitosha.

Mwanao,
Neema