Mkono Bila Mkuki

Jumatatu, 8 Machi 1965
Msasa tangu asubuhi. Mke wangu Kemunto analowesha jiwe, mimi nasugua. Kifua cha sanamu kimekwisha. Mkuki umetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Mvua imeanza, njia ya kutoka Tabaka ni matope tupu.

Nje ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, wameondoa sanamu ya shaba ya yule Mzungu. Ndiye aliyeleta askari waliomuua baba, mimi nikiwa bado tumboni. Mahali pake atasimama mpiganaji wetu. Nimempa sura ya baba. Sikuwahi kumwona. Nachonga kwa maneno ya mama.

Alhamisi, 18 Machi
Nimekwenda Kisii mjini kupima pale atakaposimama. Patupu. Wazee wakipita hapo bado wanavua kofia! Wanamvulia nani? Nimerudi na hasira.

Jumanne, 6 Aprili
Bwana DO, afisa wa tarafa, amekuja kukagua. Kijana wetu wenyewe, amesoma ng'ambo. Akautazama mkuki, akakunja uso.

"Mzee, huu utoe. Sasa tunajenga taifa. Mpe jembe."

Nikamwambia huyu mtu aliuawa akiwa nao mkononi.

"Wageni watadhani tunawatisha."

Wageni! Sikula chakula cha jioni.

Jumatano, 7 Aprili
Nimeukata. Jiwe letu ni laini, halikubishana na msumeno. Nilitamani libishane. Kemunto alitoka nje asione.

Jembe sichongi. Wakitaka wanifunge. Ngumi itabaki hivyo hivyo, juu, bila kitu.

Alhamisi, 22 Aprili
Sanamu imezinduliwa. DO alipoiona jana alifoka, akasema sitapata tena kazi ya serikali. Lakini wageni walikuwa njiani, angefanya nini? Leo kwenye hotuba akasema ngumi ile ni ya umoja na Harambee. Watu wakapiga makofi. Jina la baba halikutajwa. Nimechoka nao wote.

Jumatatu, 26 Aprili
Nimempeleka mama kwenye sanamu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, basi nikamwinua afike usoni. Akampapasa paji la uso, pua, mashavu. Polepole. Makarani dirishani wakaacha kupiga taipu.

"Umemnenepesha," akasema.

Nikamshusha. Akaketi kwenye benchi lililo mbele ya sanamu, akavua viatu, akatulia. Nilipomwambia twende, akanionyesha nafasi kando yake. Nikaketi. Tulikaa hapo, sisi watatu, mpaka ofisi ikafungwa.